Mteja wa Kwanza Yuko Kilosa

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Kilosa siku hizi halazimiki kufika stesheni na noti mfukoni. Tiketi ya treni ya umeme anaikata kwa simu, analipa kwa kumbukumbu namba ya serikali, na jina lililo kwenye tiketi ndilo linalotakiwa kufanana na la kitambulisho. Huduma hiyo ilianza Juni 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, nayo ingali ikipita Kilosa kufuata bonde la Mkondoa. Nimeichagua njia ya Kilosa hadi Mikumi kwa sababu ndani ya wilaya moja msafiri anaona mambo mawili kwa pamoja: serikali inayofanya kazi zake kwa mtandao, na wananchi wanaoibiwa kwa mtandao huohuo. Katikati ya mambo hayo mawili kuna kazi nyingi isiyo na mwenyewe. Hoja yangu ni kwamba kampuni changa za usalama wa mtandao hazitakuzwa na mashindano wala ruzuku pekee. Zitakua pale serikali itakapokubali kuwa mteja wao wa kwanza, kwa kazi ndogondogo za ngazi ya halmashauri, na kuwalipa kwa wakati.

Tuanze na wizi, maana ndio unaoonekana mapema. Kilosa mjini, kama ilivyo miji yote ya wilaya nchini, benki ya mtu wa kawaida ni banda la wakala: meza ya mbao, simu ndogo za vitufe kwa kila mtandao, daftari la miamala lililochakaa pembe, na tangazo la kuweka na kutoa pesa. Tapeli anaijua meza hiyo kuliko mkaguzi yeyote. Ujumbe wake Watanzania wanaukariri: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hautumii ujuzi wowote wa kompyuta. Unatumia ukweli kwamba kila siku kuna mtu anayesubiri kutumiwa namba ya kulipia kodi ya nyumba, ada au shehena ya mpunga, na ukitumwa kwa watu wengi hauachi kumpata mmoja. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imeweka namba 15040 ya kuripoti matapeli na *106# ya kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ripoti zake za robo mwaka za miaka ya karibuni zimeitaja Rukwa na Morogoro mara kwa mara kuwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai. Kilosa imo Morogoro. Kwa hiyo tunapozungumza habari za usalama wa mtandao hapa hatuzungumzi jambo la kuazimwa kutoka nchi za mbali.

Upande wa pili ni ofisi ya halmashauri. Ushuru wa mazao unakusanywa kwa mashine za POS zinazotoa risiti papo hapo, leseni ya biashara inaombwa kwa mfumo wa Tausi, zahanati na vituo vya afya vinaandikisha wagonjwa kwa kompyuta, na fedha zinaingia kwa kumbukumbu namba zinazotolewa na mfumo wa malipo ya serikali ulioanza mwaka 2017. Mifumo hii mikubwa ina walinzi. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, na TCRA ina kikosi cha kitaifa cha kukabiliana na matukio ya usalama wa mitandao, TZ-CERT. Ila walinzi hao wanalinda kitovu, na mtandao wa serikali unavunjikia pembezoni. Nywila iliyoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya kioo, akaunti ya mtumishi aliyehamishwa ambayo haijafungwa, kompyuta moja inayotumiwa na watu wanne kwa jina la mmoja, mashine ya POS iliyopotea bila taarifa kutolewa siku hiyohiyo: hayo ndiyo madirisha ambayo mwizi huyatafuta, na kutoka Dodoma huwezi kuyaona yote. Mtu anatakiwa aje, akae siku tatu, apite idara kwa idara, aandike ripoti, kisha arudi baada ya miezi mitatu kuangalia kama iliyosemwa imefanyika. Ni kazi ndogo, inajirudia, haihitaji mitambo ya mabilioni. Kampuni ya vijana watano inaiweza.

Swali ni kwa nini kampuni hiyo haipo, au ikiwepo inakufa mapema. Jibu linaloelekezwa kila mara ni mtaji. Ni kweli kwamba fedha kubwa za wawekezaji zinazokuja kwa kampuni changa zilizoanzishwa na Watanzania zimekwenda kwenye malipo na biashara: Ramani ilipata dola milioni 32 mwaka 2022, na NALA dola milioni 40 mwaka 2024. Mwekezaji anaelewa hesabu ya kampuni ya malipo, kwa sababu kila muamala unaacha senti kadhaa. Kampuni ya ulinzi inauza jambo ambalo halikutokea, na jambo ambalo halikutokea ni gumu kulipia. Kilosa inalijua hili kwa gharama. Mto Mkondoa ulikuwa na tuta la kuukinga mji, lililojengwa enzi za ukoloni. Tuta lilipoachwa bila matunzo lilidhoofika, na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yakawaacha maelfu ya watu bila makazi na kung'oa reli ya kati. Baada ya hapo fedha za kukarabati reli, kuhifadhi watu kwenye mahema na kujenga upya zilipatikana. Fedha za kulitunza tuta miaka yote ya nyuma hazikupatikana, kwa sababu mwaka ambao mto haukufurika hakuna aliyeona tuta limefanya nini. Bajeti za ulinzi wa mtandao ziko hivyohivyo, na ndiyo maana soko peke yake halitazitengeneza.

Ruzuku nazo zipo, na ningekosa haki nikizibeza. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, imekuwa ikiwalea wabunifu kupitia Buni Hub. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yamekuwepo tangu 2019, na benki ya CRDB ilianzisha programu ya Imbeju mwaka 2023 kwa kushirikiana na COSTECH na Tume ya TEHAMA ili kuwapa vijana na wanawake mtaji wa kuanzia. Haya yote yanamfikisha kijana jukwaani, anapata cheti, pengine anapata fedha za kununua kompyuta na kulipia pango. Kisha anarudi mtaani akiwa na bidhaa isiyo na mnunuzi. Akienda benki ya kawaida anaulizwa hati ya nyumba, na mali yake yote ni kompyuta mbili na kichwa chake. Angekwenda na mkataba wa halmashauri, hata wa shilingi milioni nane, mazungumzo yangebadilika, kwa sababu benki zetu zimezoea kukopesha wazabuni kwa kutazama hati ya ununuzi. Mkataba ni mtaji usiolipiwa riba wala kugawiwa hisa. Unamfundisha pia jambo ambalo ruzuku haimfundishi: mteja anataka nini hasa, na anataka kiandikwe vipi ili akielewe.

Nchi zilizofanikiwa katika hili zilielewa kwamba thamani kubwa ambayo serikali inaweza kumpa mjasiriamali wa usalama ni ukaribu nayo. Uingereza ilipofungua kituo chake cha kulea kampuni za usalama wa mtandao mwaka 2017, ilikiweka Cheltenham, mji mdogo mbali na London, kwa sababu ndiko yaliko makao ya shirika lake la ujasusi wa mawasiliano, GCHQ. Ruzuku waliyopewa wa awamu ya kwanza ilikuwa pauni 5,000 tu. Walichokifuata hasa ni kukaa meza moja na wataalamu wa GCHQ na kuambiwa bidhaa yao inavuja wapi. Marekani nayo ilianzisha In-Q-Tel mwaka 1999, mfuko unaowekeza katika kampuni ndogo zenye teknolojia ambayo vyombo vya usalama vinaihitaji. Keyhole, moja ya kampuni ulizoziunga mkono, ilinunuliwa na Google mwaka 2004, na kazi yake ndiyo ikawa Google Earth. Hatuna fedha za Marekani wala hatuzihitaji kwa hatua ninayoisema. Tukitaka mfano wa jirani, Serianu ya Nairobi imejijenga kwa kuuza huduma na kuchapisha ripoti ya hali ya usalama wa mtandao Afrika. Wateja waliokuwa tayari kulipa ndio walioifikisha hapo, na katika mji wenye makao makuu ya mabenki mengi wateja hao walipatikana bila serikali kusukuma. Kilosa haina makao makuu ya benki. Ina halmashauri.

Milango ya kisheria ya kuwapa kazi vijana hao imeshafunguliwa, tena mipana kuliko wengi wanavyodhani. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, iliyotungwa 2023 na kuanza kutumika Juni 2024, inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni zinatangazwa kwenye mfumo wa NeST ambao kijana wa Mikumi anaufikia kwa simu yake. Halmashauri pia inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Tatizo ni namna tunavyofikiri juu ya fedha hizi. Tukisema kikundi cha vijana, picha inayokuja ni bodaboda, kuku na mashine ya matofali. Tukisema zabuni ya makundi maalumu, ni usafi wa ofisi na shajala. Hakuna kinachozuia kundi la wahitimu wa kompyuta kusajiliwa, kukopeshwa fedha za vifaa, na kupewa kazi ya kukagua akaunti na mashine za halmashauri iliyowakopesha. Kinachowazuia ni masharti ya zabuni yaliyonakiliwa kutoka kwenye zabuni za barabara: hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, uthibitisho wa kazi zinazofanana zilizokwishafanyika, mauzo ya kiwango fulani kwa mwaka. Kampuni iliyozaliwa mwaka jana haiwezi kuwa na hayo, na asiyeipa kazi ya kwanza asiidai uzoefu.

Kutoka Kilosa barabara inaelekea kusini, inapita kata ya Ulaya, na tawi la zamani la reli linaloelekea Kidatu haliko mbali nayo, hadi Mikumi kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Hapa uchumi unabadilika sura. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, inaleta wageni, na malori ya Zambia na Kongo yanaleta madereva wanaolala. Kuna hospitali ya misheni, kuna chuo cha VETA, kuna shule, na gesti zimepangana kandokando ya lami. Nendeni mkaangalie kitabu cha wageni kwenye meza ya mapokezi ya gesti yoyote ya aina hiyo. Kina safu za jina, kabila, kazi, namba ya kitambulisho au pasipoti, namba ya simu, utokako, uendako na sahihi. Anayejiandikisha saa mbili usiku anasoma taarifa za wote waliotangulia tangu asubuhi, na akitaka anazipiga picha. Mpelekee tapeli ukurasa mmoja wa kitabu hicho, naye ana majina, namba na safari za watu kumi na tano, amepata kila anachohitaji ili ujumbe wake ufanane na ukweli.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu ajisajili na aweke utaratibu wa kuzilinda, na haimsamehe mwenye gesti kwa sababu daftari lake ni la karatasi. Sheria hiyo imezalisha kazi nchi nzima kwa siku moja, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na wanasheria wachache wa Dar es Salaam. Mwenye gesti wa Mikumi anahitaji mtu wa kumsaidia kujisajili, kumbadilishia kitabu kiwe kadi moja kwa kila mgeni, kumwekea kabati lenye ufunguo, na kumfundisha mhudumu wa mapokezi asitoe namba ya mgeni kwa anayepiga simu kuuliza. Hospitali inahitaji hayohayo kwa uzito mara kumi. Serikali hapa si lazima ilipe kila kitu. Ikiwapa kampuni changa idhini ya kutambulika, jina lao likabandikwa kwenye ofisi ya biashara ya halmashauri, wateja binafsi watafuata. Ndipo pia woga wa kwamba kampuni hizi zitabaki tegemezi kwa zabuni unapojibiwa: mteja wa kwanza ni serikali, wa pili ni hospitali, wa kumi na mbili ni mwenye gesti.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wa usalama wenyewe, nami nalichukulia kwa uzito. Wanasema huwezi kumfungulia milango ya mifumo ya serikali kijana usiyemjua, na wanayo mifano. Oktoba 2020 wadukuzi waliingia Pegasus Technologies, kampuni ya Uganda iliyokuwa ikiunganisha malipo kati ya mitandao ya simu na mabenki, na MTN, Airtel na benki ya Stanbic zikasimamisha kwa muda huduma za kutumiana fedha kati yao. Kampuni moja ya katikati ilitosha kuwagusa wote. Lakini mfano huo unatufundisha kuchunguza na kuwekea mipaka anayepewa kazi. Hautufundishi kufunga mlango. Uganda hiyohiyo, mwaka 2024, fedha za umma zilihamishwa isivyo halali kutoka Benki Kuu, na mapema mwaka uliofuata miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo watumishi wa Wizara ya Fedha. Kubaki ndani hakukuwa kinga. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, wenye huduma zaidi ya elfu tano, ulilemewa na mashambulizi, na watu wakashindwa kupata huduma kuanzia viza hadi tiketi za treni. Mfumo mmoja mkubwa wenye walinzi wachache unachosha walinzi. Kazi ninazozipendekeza kwa vijana ziko pembezoni: orodha za akaunti, mafunzo ya watumishi, ukaguzi wa mashine, mipango ya dharura. Hakuna hata moja inayohitaji mtu apewe ufunguo wa hazina. Apewe ruhusa ya maandishi, kwa muda maalumu, chini ya jicho la ofisa TEHAMA wa halmashauri, na ripoti yake nakala iende Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Wengine watasema mamlaka hiyo inaweza kuifanya kazi yote yenyewe. Inafanya mengi, na kituo chake cha utafiti na ubunifu kule Dodoma kimewapokea wanafunzi wa vyuo waliosaidia kujenga mifumo ya kweli. Lakini Tanzania Bara ina halmashauri 184, kila moja ina kata, zahanati na shule zake, na hakuna ofisi moja itakayozizungukia zote kila robo mwaka. Wataalamu wa kuzizungukia wanazalishwa: Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha shahada ya usalama wa mtandao, Sokoine na Mzumbe viko mkoani Morogoro, na sasa treni inaifikia Kilosa kutoka Dodoma ndani ya saa chache. Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, liliiweka Tanzania katika kundi la juu la nchi 46 kwa utayari wa usalama wa mtandao, pamoja na Kenya na Rwanda. Sifa hiyo inastahili. Imejengwa kwa sheria na taasisi, na sasa kinachokosekana ni watu wa kuishusha hadi kwenye kaunta ya zahanati.

Sheria moja inahitaji kurekebishwa kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia kwenye mfumo bila idhini, na ni sawa. Haina njia iliyo wazi kwa kijana aliyegundua kwa nia njema kwamba mfumo wa umma unavuja na anataka kuripoti. Matokeo yake anayejua ananyamaza, au anampa habari hiyo mtu mwingine. Serikali ikitangaza utaratibu wa kupokea taarifa hizo, wenye anwani, muda wa kujibu na ahadi ya kutomshtaki anayefuata masharti, itajua pia ni vijana gani wana uwezo kabla ya kuwapa zabuni. Hilo lingekuwa sajili bora kuliko makabrasha ya hesabu za miaka mitatu.

Na walipwe. Madeni ya wazabuni yanayolimbikizwa na taasisi za umma ni habari ya kila mwaka bungeni, na mkandarasi mwenye magreda anaweza kuvumilia miezi tisa bila kulipwa. Vijana watano wanaolipia pango kila mwezi hawawezi. Mkataba usiolipwa ni mbaya kuliko kukosa mkataba, kwa sababu umemkopesha mtu matumaini na deni la benki. Kazi za chini ya kiwango fulani zilipwe ndani ya siku 30, na malipo ya kazi hizo yatengwe mwanzoni mwa mwaka wa fedha badala ya kusubiri kitakachobaki.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti za halmashauri hupitishwa na madiwani miezi kadhaa kabla. Madiwani wa Kilosa wana uwezo wa kuweka kifungu kimoja cha ukaguzi wa usalama wa mifumo, kukitangaza NeST kwa kundi la vijana bila sharti la uzoefu wa miaka mitatu, na kumtaka mkurugenzi alete ripoti ya kazi hiyo barazani. Nawaomba wafanye hivyo katika bajeti ijayo.